Ukihamia Wete, maneno unayoyajua ndiyo yatakayokusumbua

Mtu anayepata barua ya uhamisho kwenda Wete au Chake Chake, kisiwani Pemba, hujishughulisha na mengi: nyumba ya kupanga, skuli ya watoto, boti ya kuvushia vyombo mpaka Mkoani. Lugha hata haiwazi. Mwalimu wa kutoka Morogoro anakijua Kiswahili, muuguzi wa kutoka Mjini Unguja amezaliwa nacho, na wote wawili wamesikia tangu utotoni kwamba Kiswahili chenyewe kwao ni Zanzibar. Sasa waogope nini?

Wiki ya pili ndipo wanapoanza kukunja uso. Wanaelewa maneno, hawaelewi habari. Wanaalikwa shughuli, wanafika siku imeshapita. Wanaulizwa njiani wanakokwenda na watu wasiowajua, wanadhani wanachunguzwa. Mwalimu anaambiwa "Maalim kaondoka", naye anabaki amesimama akisubiri sentensi iendelee. Mimi ni mtu wa hapa hapa Wete, nimewaona wengi wakija na wengi wakirudi, na kwa ninavyoona hawashindwi na maneno mageni. Neno geni utaliuliza, utaambiwa, basi. Linalokupoteza ni lile unalodhani unalijua, kwa sababu hilo huliulizi.

Kwanza tuiweke sawa hiyo kauli kwamba Kiswahili sanifu ndicho Kiswahili cha Zanzibar. Ni kweli nusu. Mwaka 1928 wakuu wa elimu wa makoloni ya Afrika Mashariki walikutana Mombasa kutafuta lahaja moja ya kuandikia vitabu vya skuli, na Kiunguja kikakipiku Kimvita, lahaja ya Mombasa. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya makoloni hayo kuisimamia kazi. Lakini Kiunguja kilichochaguliwa kilikuwa cha mjini, cha bandarini, kilichokwisha kusafiri na misafara ya biashara mpaka Tabora na Ujiji. Ukitoka mjini ukenda kusini mpaka Makunduchi unakuta Kikae, ambacho pia huitwa Kimakunduchi. Ukenda kaskazini unakuta Kitumbatu. Ukivuka bahari unakuta Kipemba. Hivyo havikuchaguliwa, na kutochaguliwa hakukuvinyamazisha. Sherehe ya Makunduchi ambayo watalii huifuata kila Julai inaitwa Mwaka Kogwa, na hiyo "kogwa" ni kuoga kwa Kikae. Hakuna aliyeona haja ya kuisanifisha.

Hata kusema "Kipemba" ni kurahisisha mambo. Mtaalamu Mwingereza W. H. Whiteley alipochapisha uchunguzi wake wa usemi na tungo za kisiwa hiki mwaka 1958, kwenye jina la kitabu aliandika lahaja kwa wingi. Baraza la Kiswahili Zanzibar, BAKIZA, nalo limetoa kamusi za lahaja hizi, Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi, kila moja na kitabu chake. Kisiwa cha watu zaidi kidogo ya nusu milioni, kwa sensa ya 2022, na bado mtu wa Wete humsikia mtu wa Kojani akisema maneno mawili tu akajua katoka wapi.

Kwa hivyo mgeni anayeshuka Mkoani na kupanda gari ya Chake, kisha gari namba 606 ya Wete, haingii mahali penye Kiswahili kimoja. Mtu mmoja wa hapa ana Kiswahili zaidi ya kimoja mdomoni. Kipo cha skuli na afisini. Kipo cha mjini, anachokipata kwa jamaa zake wa Unguja na kwenye redio. Na kipo cha kiamboni kwao, awe wa Kojani, Micheweni, Makangale au Kangani. Anakibadilisha kwa kumtazama aliye mbele yake, na hana habari kwamba amebadilisha.

Simama sokoni asubuhi usikilize. Mama mwenye jamvi la mboga anakuona, anakujua mara moja kuwa si wa hapa, anakwambia: "Karibu mwanangu, unataka nini leo? Tungule nzuri, mbatata zipo." Kila neno limetamkwa likakamilika. Hajamaliza kukurejeshea chenji, keshamgeukia mwenzake wa jamvi la pili:

"Mwanao kaja?"

"Kaja juzi, keshaondoka."

"Kendapi tena?"

"Kenda Unguja. Hebu ngoja nkwambie…"

Na hapo mgeni keshapotea, ingawa hakuna neno hata moja asilolijua asili yake. Kile cha mwanzo alipewa yeye kwa kuwa mgeni. Ni heshima, lakini ni heshima inayoweza kumweka nje mwaka mzima: kila anayezungumza naye humpandishia lugha, naye akadhani hivyo ndivyo watu wanavyosema.

Tuifungue hiyo "kaja", maana imewaponza wengi. Skuli tulifundishwa kwamba "ka" hufuatana na "li": alikwenda sokoni akanunua samaki akarudi. Inasimulia jambo linalofuata jambo. Sasa mtu aliyeyashika hayo akisikia "kaja" husubiri lililotangulia, au hudhani mwanzo wa habari umempita. Haujampita. "Kaja" hapa ni amekuja, "kaondoka" ni ameondoka, "kafa" ni amekufa. Dalili kwamba si ile ya kusimulia ni kuwa imeshikamana na nafsi moja tu, yule mmoja anayesemwa. Wakiwa wengi utasikia "wamekuja". Wewe mwenyewe utaambiwa "umekuja". Ukikanusha unarudi kwenye "hajaja" kama kila mtu. Mjini Unguja pia wanasema hivi siku zote, na muuguzi wetu wa Mjini hapo hapotei. Anayepotea ni mwalimu wa Morogoro.

"Kendapi" ni hiyo hiyo "ka" imeungana na "enda", mwishoni ikaongezwa "pi" ya wapi: amekwenda wapi. Badilisha herufi moja ya mwanzo ikawa "wendapi", unaulizwa wewe, sasa hivi, unakwenda wapi. Masikio yanahitaji muda kuzitenganisha, hasa kwenye gari yenye kelele. Halafu kuna kukata: "nkwambie" kwa nikwambie, "nshakula" kwa nimeshakula, "ushakula?" kwa umeshakula. Na "hichi" kwa hiki, ambayo utaisikia kwa msomi na asiyesoma, barazani na hata mkutanoni. Mimi sioni kosa lake. Anayeniambia kwamba ni kosa namuuliza mbona "hicho" haimkeri.

Matamshi siyaandikii mengi, kwa kuwa hayafundishiki kwa maandishi. Nitaje moja tu. Wazee hapa hulitofautisha paa la nyumba na paa wa msituni, kaa la moto na kaa wa pwani; yule mnyama na yule wa pwani hutamkwa kwa pumzi inayosikika. Maandishi ya sanifu hayakuiwekea alama pumzi hiyo, na vijana wanaiacha.

Maneno ya sokoni ni mepesi, hayamkwamishi mtu. Nyanya utasikia tungule, viazi vya mviringo ni mbatata, kitunguu saumu ni thomu, magimbi ni majimbi. Mkate wa dukani ni boflo. Siku mbili umeshazoea. Lakini "mboga" si ya siku mbili. Kwa watu wengi wa bara mboga ni chochote kinachosindikiza ugali au wali, nyama ikiwemo. Hapa mboga ni majani: mchicha, kisamvu, matembele. Samaki na nyama ni kitoweo. Mwenye nyumba wako akikuuliza kama umepata kitoweo, ukamjibu umepata mboga, jioni utaletewa kipande cha nguru kwa kuonewa huruma. Na "mkate" ni ukoo mzima: wa kumimina, wa ufuta, wa kusukuma, ambao ndio hiyo chapati. Ukisema mkate bila ya kutaja jina la pili umesema nusu.

Afisini ni mlango mwingine. Serikali ya Zanzibar huandika "Afisi", "skuli" na "Mkaazi", kama ilivyo kwenye kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na elimu ya ufundi ni mafunzo ya amali. Nimeziona barua zimesahihishwa na mgeni mwenye bidii, kila "afisi" imekuwa "ofisi", kisha zikarudishwa kuandikwa upya. Na kabla ya afisi yoyote kuna sheha, kiongozi wa shehia, ambaye mtu aliyehamia hufika kwake kujitambulisha. Mgeni anayemtafuta mwenyekiti wa mtaa atazunguka sana.

Sasa tuje kwenye wakati, maana hapa ndipo hasara inapotokea. Umealikwa maulidi "usiku wa Ijumaa". Unafika Ijumaa baada ya Isha, umevaa vizuri, nyumba kimya. Shughuli ilikuwa jana.

Aliyekualika hakukosea. Katika hesabu ya Kiislamu siku inaanza jua linapozama, kwa hivyo usiku hutangulia mchana wake. Alhamisi jua likitua, Ijumaa imeingia. Usiku ule ndio usiku wa Ijumaa, na mchana unaoufuata ndio mchana wa Ijumaa. Usiku unaofuata baada ya hapo tayari ni wa Jumamosi. Nayo saa ya Kiswahili imejengwa hivyo hivyo: saa moja ya usiku ni ile ya kwanza baada ya jua kutua, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta magharibi haihamihami sana mwaka mzima. Bara wanatumia saa hizo hizo, lakini tarehe wanaibadilisha saa sita ya usiku kwa mujibu wa kalenda ya ukutani. Ndiyo maana mchanganyiko huu ni mgumu kuugundua: saa mnakubaliana, siku hamkubaliani, na wote mmetamka neno lile lile.

Vijana na watu wa afisini wameshaingia kwenye kalenda ya ukutani, wakisema "Ijumaa usiku" wanakusudia Ijumaa usiku. Wazee wakisema "usiku wa Ijumaa" wanakusudia ule uliotangulia. Neno "usiku" likija mbele, shituka. Dawa yake ni kuuliza: "Wa kuamkia Ijumaa?" Ukijibiwa "ewallah", basi ni Alhamisi.

Miezi nayo ina hesabu yake. Mtu akikwambia jambo litafanyika mfungo sita, usihesabu kutoka Januari. Inahesabiwa kutoka mwezi unaofuata Ramadhani, ambao ndio mfungo mosi. Mfungo tatu ni mwezi wa Hija, na mfungo sita ni mwezi wa kuzaliwa Mtume, ndiyo maana maulidi makubwa huangukia humo. Miadi ya siku kwa siku hufungwa kwa sala: baada ya Alasiri, baina ya Magharibi na Isha. Mgeni asiyekuwa Mwislamu huona kama anaambiwa habari za dini, kumbe anatajiwa saa. Ajifunze nyakati tano hizo hata kama hasali, zitamfaa kuliko saa ya mkononi. Na baada ya kesho kutwa usikwame: inafuata mtondo, kisha mtondogoo.

Tukija kwenye kuitana, hapa ndipo mgeni anapopimwa, ingawa hakuna atakayemwambia. Mwalimu mwanamme ni Maalim, mwanamke mwenye heshima zake ni Bi, kisha jina. Ndugu wa kiume wa baba ni ami. Ukiitwa, mwanamme huitika "naam", mwanamke "labeka" au "abee". Kuitika "nini?" ni ujeuri, hata ukitabasamu. Salamu ya kwanza ni Assalamu alaykum, na shikamoo ipo, zaidi kwa watoto mbele ya wakubwa zao. Anayesema "habari za asubuhi" hatolaumiwa na mtu. Ukiingia mahali watu wamekaa, wakataka kuinuka kukupisha, unawaambia "starehe", yaani wasijisumbue. Neno hilo kwa mtu wa bara ni anasa na klabu za usiku. Wanawake wa hapa huitana "shoga" kwa mapenzi, rafiki kwa rafiki, wakati bara neno hilo limekwenda njia nyengine kabisa. Mgeni wa kiume akilisikia atulie tu. Hakuna aliyetukanwa, na halimhusu.

Na ile "wendapi?" ya njiani. Anayekuuliza hana haja ya kujua. Ni namna ya kukuonesha kwamba amekuona unapita na hukupita kama mti. Jibu lake ni "nafika hapo mbele", hata kama unakwenda Konde. Ukianza kumweleza kwamba unakwenda benki kufuatilia mkopo, wewe ndiye utakayekuwa umemshangaza. Ukinyamaza, umemkata. Wanaotoka miji mikubwa hili huwachukua muda kuliko lahaja nzima, kwa sababu kule kuulizwa unakokwenda na usiyemjua ni dalili mbaya.

Kuna kishawishi cha kuiga. Mgeni akishajua "kaja" na "hichi" huanza kuvuta lafudhi, na kila sentensi anaitia "yakhe". Neno hili limetokana na Kiarabu, ee ndugu yangu, na Wapemba hulitumia wao kwa wao walio rika moja. Lakini pia ndilo neno ambalo watu wengine hulitumia kuwachezea: kichekesho chochote cha Mpemba muuza duka lazima kiwe na "yakhe" tatu. Kwa hivyo linapotoka kwa mgeni, msikilizaji hajui kama anaitwa ndugu au anachekwa. Rai yangu ni kwamba Kiswahili cha hapa ukisikie vizuri na useme chako. Hakuna atakayekuona vibaya kwa kusema "amekuja".

Masikio hufunguka pale watu wanapokusahau. Msimu wa karafuu ndio wakati wake. Zikishachumwa mchana, jioni huletwa nyumbani kuchambuliwa: unakamata kichala, unazipurura karafuu upande mmoja na makonyo upande mwengine, na kesho yake zinaanikwa juani. Kazi hii inafanywa na nyumba nzima, majirani wamo, mikono inakwenda na midomo inakwenda. Ukikaa kwenye jamvi lile ukachambua, saa ya kwanza watakupandishia kama sokoni. Saa ya pili wamechoka kukupandishia. Hapo ndipo utasikia bibi akisema "mwana wangu kavyaa" na utafahamu kutokana na furaha yake kwamba kuvyaa ni kuzaa.

Ukipenda zaidi, sikiliza dikoni, pale pwani mashua zinaporudi. Watu wa Kojani ni wavuvi wa dago, huhama na nyavu zao kwa miezi kufuata samaki, pwani ya bara na ya Kenya, na wako walioloea huko vizazi kwa vizazi. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua rasmi Wapemba wa huko kuwa raia wake. Lugha ya dikoni imekwenda na kurudi na watu hao, ndiyo maana mtu wa Mombasa akifika Wete hushangaa kwamba anaelewa haraka kuliko mtu wa Dodoma. Bei za mnada zinatajwa mbio hivyo hivyo kwa kila mtu.

Watoto ni jambo jengine. Wao hawahitaji makala. Muhula mmoja wa skuli, mtoto wa mwalimu wa Morogoro anarudi nyumbani anasema "mama, Asha kaja, nshamwambia angoje". Wazazi wengine hufurahi, wengine hukasirika wakaona mtoto anaharibika lugha. Skuli nayo haimsaidii: mwalimu yule yule anayesema "kaondoka" uwanjani hutia alama ya kosa kwenye daftari mtoto akiiandika, kwa sababu mtihani wa taifa unataka "ameondoka". Mtoto wa Kipemba ameishi na mambo haya mawili tangu darasa la kwanza. Wa kuhamia anahitaji aambiwe wazi, mapema, kabla hajaanza kudhani kwamba yeye au rafiki zake hawajui kusema: kwenye karatasi andika "amekuja", kwa kina Asha sema "kaja", na mwalimu akiuliza kwa nini kuna mbili, mwambie ya pili ilikuwepo kabla ya 1930.